Serikali ikijua jasusi wake anaua, muuaji ni nani? Tujadili Stakeknife wa Belfast

BintiMakorora

Wadau, habari za jioni. Nina jambo linanikera tangu nimalize riwaya nyingine ya kijasusi ya Belfast. Mwendo wake mnaujua. Afisa wa Kiingereza ana mtu wake ndani ya IRA. Mtu huyo anaamriwa amuue mwenzao anayeshukiwa kuwa shushushu. Afisa anahangaika usiku kucha, mwisho ananyamaza, mtu anauawa, halafu mwishoni bomu kubwa linazuiwa na sisi wasomaji tunashusha pumzi. Aliyeuawa hatujui hata kama alikuwa na mama.

Sasa tuje kwenye yaliyotokea kweli. Kwa aliyekuwa mbali na habari hizi: Ireland iligawanywa 1921, kaskazini ikabaki chini ya Uingereza. Waprotestanti wengi walitaka ibaki hivyo, Wakatoliki wengi walitaka kisiwa kiwe kimoja. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mkataba wa Aprili 1998 walikufa watu zaidi ya 3,500. IRA, iliyopigana kuitoa Uingereza, ilikuwa na kitengo cha kusaka wasaliti wake. Ukishukiwa unachukuliwa, unahojiwa, unarekodiwa kwenye kaseti ukikiri, kisha maiti yako inaokotwa kando ya barabara karibu na mpaka. Na ndani ya kitengo hichohicho, mmoja wa wakubwa wake alikuwa shushushu wa jeshi la Uingereza, jina la siri Stakeknife. Mwaka 2003 magazeti yalimtaja kuwa ni Freddie Scappaticci, mwashi wa Belfast mwenye asili ya Italia. Alikana. Akafa 2023 bila kupandishwa kizimbani kwa kifo cha mtu yeyote.

Uchunguzi wa polisi ulioitwa Kenova, ulioanza 2016, ulisema kwenye ripoti ya Machi 2024 kwamba maisha yaliyopotea kwa kazi ya Stakeknife ni mengi kuliko yaliyookolewa.

Swali langu: afisa aliyejua kwamba usiku wa leo mtu fulani atauawa na shushushu wake, akakaa kimya ili shushushu asigundulike, tumwite shujaa au mshiriki wa mauaji? Mimi nasema mshiriki. Na mashushushu wenyewe sina huruma nao, ni walewale kama ngati wa Kenya, walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau, waliowauza ndugu zao kwa Mzungu wakalipwa mashamba.

KacheroMstaafu

Binti yangu, umeandika kwa uchungu na nauheshimu. Ila umekaa kwenye kiti cha msomaji. Kaa kwenye kiti cha anayebeba siri.

Ukimwokoa mtu mmoja leo, kesho IRA wanakaa kikao: habari imetokea wapi? Waliojua ni watu wanne. Keshokutwa mtu wako ndiye anayerekodiwa kwenye kaseti, na bomu la wiki ijayo hutalisikia mpaka lilipuke. Brighton, Oktoba 1984, walikaribia kumuua Thatcher hotelini, wakafa watu watano. Omagh, Agosti 1998, bomu la waliojitenga na IRA, Jumamosi mchana watu wakiwa madukani, wakafa 29. Mnataka Omagh ngapi ndipo mkubali kwamba vita hii haina mikono safi?

Na neno "mshiriki wa mauaji" ulipime kabla ya kulitupa. Kuna watu walifanya kazi hiyo maisha yao yote na wake zao hawakujua wanafanya kazi gani.

MlimaNyandarua

Mleta mada, mambo ya Belfast sina neno. Nimesimama pale kwenye mstari wa mwisho.

Guka wangu alikuwa ngati, Nyeri, 1953. Ndugu yake wa tumbo moja alikuwa msituni. Umewahi kukaa kwenye nyumba kama hiyo? Usiku wanakuja hawa kukuapisha, asubuhi wanakuja wale kukuuliza umekula kiapo gani. Unajua Lari? Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 familia za ngati zilifungiwa ndani ya nyumba zikachomwa. Zaidi ya watu 70, wengi wao kina mama na watoto. Guka alijiunga baada ya hapo. Hakuuza mtu. Alikuwa analinda boma lake kwa mkuki.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Unamlilia Mwayalandi aliyeuawa kama shushushu bila kusikilizwa, halafu hapohapo unamhukumu babu yangu bila kumsikiliza.

Mtumwema_Wete

Uzi wa Ireland umefika Nyeri kabla ya mchangiaji wa nne. Navuta mkeka.

BintiMakorora

Mlima, sikumtaja babu yako wala simjui. Nimesema ngati waliouza ndugu zao wakalipwa mashamba. Kama wako hakuuza, haumo kwenye sentensi yangu. Tusiuteke uzi.

Kachero, shikamoo. Hujajibu. Umeniambia kwa nini afisa alinyamaza. Mimi nimeuliza aitwe nani.

MamaNeema_Belfast

Nimeishi huku miaka mingi, nafanya kazi ya uuguzi, na naona mnazungumza kuhusu barabara ninazopita kila siku, basi nichangie.

Kachero, shikamoo baba, lakini Omagh usiitumie hivyo. Mwaka 2021 jaji hapa Belfast alisema palikuwa na uwezekano wa kweli kwamba bomu lile lingeweza kuzuiwa, kwa sababu vyombo vya usalama vilikuwa na taarifa. Ndiyo maana serikali ikalazimika kuunda uchunguzi wa hadhara. Kwa hiyo Omagh haikuwa kukosa mashushushu. Mashushushu walikuwepo, na taarifa zilikuwepo.

Halafu nimwambie mleta mada kitu ambacho riwaya hazisemi. Ukiuawa na IRA kama msaliti, msiba wako haukuwa na watu. Majirani hawaji. Watoto wako shuleni wanaitwa watoto wa msaliti, na mjane anahama mtaa. Familia zilikaa hivyo miaka thelathini, arobaini. Sasa wanaambiwa kwamba huenda marehemu hakuwa shushushu hata kidogo, na aliyemhukumu ndiye alikuwa shushushu. Mimi nimewauguza watu wa rika hilo. Kuna mambo hawayasemi hata wakiwa kitandani.

Ustadh_Ngamiani

Hebu tuseme ukweli: hii ni vita ya dini. Wakristo kwa Wakristo, miaka thelathini, wanachinjana kwa sababu ya Papa. Ila kwenye riwaya inaitwa "mgogoro wa kisiasa". Ingekuwa Waislamu jina lingekuwa jingine.

Mwl_Kibosho

Ustadh, waliitwa magaidi kila siku kwenye taarifa ya habari kwa miaka thelathini. Usitafute dhuluma mahali ambapo haipo, iko mingi pale ilipo.

Na si vita ya Papa. Huyo wanayemwita baba wa harakati za jamhuri ya Ireland, Wolfe Tone, alikuwa Mprotestanti. Chama chake cha 1791 kilianzia Belfast na waanzilishi wake wengi walikuwa Wapresibiteri. Ugomvi wa miaka ya 1960 ulikuwa nyumba, kazi na kura. Kura za halmashauri zilikuwa za wenye kumiliki au kupanga nyumba, na mipaka ya kata za Derry ilichorwa ili Wakatoliki, waliokuwa wengi, wasishike mji. Oktoba 1968 waliandamana kudai hayo, polisi wakawapiga virungu mbele ya kamera.

Ustadh_Ngamiani

Mwalimu, kama si dini, kwa nini kuta zinatenganisha Wakatoliki na Waprotestanti mpaka leo? Mama Neema yuko hapo, aseme. Na nani amekwambia natafuta dhuluma? Nimeeleza ninachokiona.

MamaNeema_Belfast

Kuta zipo, Ustadh. Kati ya Shankill na Falls ukuta ni mrefu kuliko nyumba, na kuna mageti yanafungwa usiku. Lakini hakuna anayekuuliza kuhusu Bikira Maria. Wanakuuliza umesoma shule gani na unakaa mtaa gani, hapo wameshajua wewe ni wa upande upi. Dini ni sare ya jezi tu, timu ni nyingine.

Na Agosti 2024 wenye kuchoma maduka hapa walikuwa wanawatafuta wageni. Hawakuuliza dini. Niliambiwa nisiende kazini usiku ule. Sitaki kuendelea na hilo.

KacheroMstaafu

Mama Neema, marahaba. Pole kwa hayo.

Binti, umeniuliza aitwe nani. Aitwe afisa. Mnasoma ripoti iliyoandikwa na watu waliokaa ofisini miaka thelathini baadaye, wanajua nani alikufa na nani alipona. Yeye usiku ule hakujua. Na Stakeknife wanasema aliokoa mamia ya watu. Hilo mbona hamlisemi?

Mwl_Kibosho

Kwa sababu Kenova walilipima wakalikataa, Kachero. Waliyakagua madai ya "mamia" wakasema waliookolewa ni kati ya watu wasiofika kumi na watu kumi na kitu. Hao ndio wote. Mtu alikuwa kwenye kazi ile tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi ya 1990.

Na kwa kuwa tumefika hapa, nishangae kidogo kwamba mleta mada na Mlima wameitaja Kenya na Belfast kwenye uzi mmoja bila kutaja jina linaloziunganisha. Frank Kitson. Alikuja Kenya 1953 kama afisa kijana wa jeshi la Uingereza, akapangiwa ujasusi upande wa Kiambu. Huko ndiko alikoendeleza mbinu ya magenge bandia: unawakamata wapiganaji wa Mau Mau, unawageuza, unawarudisha msituni wakiwa na nguo zilezile na nywele zilezile, wanakutana na wenzao kana kwamba bado ni wao, kisha wanawakamata au kuwaua. Mwaka 1960 alichapisha kitabu kuhusu mbinu hiyo. Mwaka 1970 alipelekwa wapi? Belfast, kuongoza brigedi ya 39. Wakati wake pale ndipo kilipoanza kikosi cha siri cha wanajeshi wasiovaa sare, MRF, na IRA waliokamatwa wakageuzwa na kutumiwa na kikosi hicho.

Kwa hiyo hadithi ya Belfast ilianzia kwetu.

MtotoWaMsituni

Asante Mwalimu. Nilikuwa nasoma kimya ila hapo umenivuta. Kitson alipewa nishani kwa kazi ya Kenya. Amefariki Januari 2024 akiwa mzee sana, jenerali, mwenye cheo cha "Sir".

Sasa nirudi kwa Mlima. Ndugu yangu, nyanya yangu alipitishwa mbele ya gakunia. Kwa wasiojua: mtu anafunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, watu wanapangwa mstari, akitikisa kichwa mbele yako umekwenda kizuizini. Hakuna kesi wala shahidi. Nyanya hakumjua aliyemtikisia kichwa mpaka anakufa. Alikaa kambini, na aliporudi shamba lilikuwa limeshapimwa na kuandikwa jina jingine.

Wewe unasema mkuki wa kulinda boma. Sawa. Boma lenu lilikuwa ekari ngapi 1952, na lilikuwa ngapi 1960?

MlimaNyandarua

Swali la kitoto na la matusi.

Mpango wa kuunganisha mashamba ulikuwa wa serikali, ulianza 1954, watu waliokuwepo ndio waliopimiwa. Guka alikuwepo. Alitakiwa afanye nini, akatae kupimiwa kwa heshima ya nyanya yako?

MtotoWaMsituni

"Watu waliokuwepo." Waliokuwepo kwa sababu gani? Kwa sababu wengine walikuwa nyuma ya seng'enge kwenye kambi za Manyani na Hola. Na kura ya 1957 Mkikuyu, Mwembu na Mmeru hawakuipiga bila cheti cha utiifu kwa serikali. Cheti walipewa kina nani? Msitake kutuambia hiyo ilikuwa bahati.

Mtumwema_Wete

Jamani mleta mada alitaka kujua kuhusu afisa wa Kiingereza. Sasa tunapima mashamba ya Nyeri saa tano usiku.

BintiMakorora

Kweli kabisa. Nilete jambo la kuturudisha, na ni zuri kuliko riwaya yoyote.

Mwaka 1972 Belfast kulikuwa na gari la dobi, Four Square. Linapita mitaa ya Wakatoliki, bei nafuu, watu wanatoa nguo zao. Gari hilo lilikuwa la jeshi. Nguo zinapelekwa kwanza kupimwa kama zina mabaki ya baruti au milipuko, kisha zinafuliwa kwenye dobi la kawaida na kurudishwa zimenyooshwa. Unajua shati la nani, la nyumba gani, limeshika bomu. Tarehe 2 Oktoba 1972 IRA wakalishambulia gari hilo mtaa wa Twinbrook, wakamuua dereva, mwanajeshi. Msichana mwanajeshi aliyekuwa naye aliponea nyumba ya jirani, na mama wa nyumba ile alimsitiri akidhani wamevamiwa na wanamgambo wa Kiprotestanti.

IRA walijuaje? Kwa vijana wao wawili waliokuwa wamegeuzwa na jeshi, Seamus Wright na Kevin McKee. IRA waliwahoji, wakasema. McKee alikuwa na miaka 17. Waliuawa wakazikwa kwa siri. Mifupa yao ilipatikana 2015 kwenye shamba huko Meath, ng'ambo ya mpaka.

Miaka 43 familia ya mtoto wa miaka 17 haijui yuko wapi. Jeshi lililomgeuza lilikuwa wapi alipochukuliwa?

MtotoWaMsituni

Miaka 43 mnaiona mingi? Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mkewe Mukami amefariki Mei 2023 hajaonyeshwa kaburi. Hesabu mwenyewe.

Na aliyeongoza msako wa Kimathi, kwa magenge bandia yaleyale, ni Ian Henderson, polisi wa kizungu aliyekulia Kenya akizungumza Kikuyu kama sisi.

MswahiliWaManama

Henderson! Huyo sisi tuliokaa Bahrain tunamjua kwa upande wa pili. Kenya ilimfukuza 1964. Mwaka 1966 akaibuka Bahrain, akawa mkuu wa usalama wa dola mpaka 1998. Miaka thelathini na zaidi. Watawala ni Sunni, raia wengi ni Shia, na miaka ya 1990 kulikuwa na maandamano makubwa ya kudai bunge lirudishwe. Watu walioshikwa wakati ule walisimulia mateso chini ya idara yake. Yeye alikana. Polisi wa Uingereza walichunguza, hakushtakiwa. Akafa 2013.

Wazee wa mtaa niliokaa, ukitaja jina hilo mazungumzo yanakatika, mtu anaanza kuuliza habari za bei ya samaki. Kwa hiyo Mwalimu asiishie Belfast. Kiambu, Belfast, Manama. Kote huko jamii imeshagawanyika yenyewe, wao wanaingia kwenye ufa.

Ustadh_Ngamiani

Sasa Manama mtaniambia tena si dini?

MswahiliWaManama

Ustadh, nimekaa huko. Walidai bunge na katiba ya 1973, na malalamiko ya kwanza yalitiwa saini na Sunni na Shia pamoja. Anayetawala ndiye anayependa iitwe ugomvi wa madhehebu.

KacheroMstaafu

Naona sasa kila mwenye uchungu na Mwingereza ameleta wake, na mimi nimegeuzwa wakili wa Kitson. Mimi si wakili wa Kitson. Nimesema kazi ya kuendesha watoa habari ni ya lazima. Hapa kwetu kuna watu wako hai kwa sababu ya mtoa habari mmoja aliyekaa kimya miaka. Mkianza kuwataja majina, miaka kumi ijayo nani atakubali kuzungumza na ofisa yeyote? Uingereza inasema haithibitishi wala haikani, na mimi naunga mkono. Hata mtu akifa.

BintiMakorora

Aa, Kachero. Tumeanza na "aitwe nani", sasa tumefika "asitajwe". Nilijua tutafika huko.

Ripoti ya mwisho ya Kenova ilitoka Desemba 2025. Wachunguzi wenyewe waliitaka serikali ilitaje jina. Serikali ikakataa. Ripoti ya mamilioni ya pauni imechapishwa ikimwita mtu kwa jina la siri wakati hata mtoto wa shule Belfast anajua ni nani. Na ndani yake kuna hili: wanajeshi waliokuwa wakimwendesha walimtoa Ireland Kaskazini mara mbili kwenda mapumziko wakati polisi wanamtafuta kwa makosa ya njama ya kuua. Walimpeleka likizo! Nitafutie bomu lililozuiwa na likizo hiyo.

MamaNeema_Belfast

Na msisahau upande wa pili wa ukuta. Brian Nelson alikuwa mkuu wa upelelezi wa UDA, wanamgambo wa Kiprotestanti, na wakati huohuo mtu wa jeshi. Pat Finucane, wakili aliyekuwa akiwatetea watu wa IRA mahakamani, alipigwa risasi nyumbani kwake Februari 1989, Jumapili, mezani, mke na watoto watatu wanaona. Nelson ndiye aliyesaidia kutoa habari zake. Polisi wakatumwa kuchunguza, na ofisi ya timu yao ikateketea kwa moto Januari 1990. Waziri Mkuu Cameron aliomba radhi bungeni 2012, na uchunguzi kamili wa hadhara ulitangazwa Septemba 2024. Miaka 35 mjane anapanda ngazi za mahakama.

Kachero, baba, wakili huyo hakuwa na bomu.

KacheroMstaafu

Kuhusu Finucane sibishani. Mtu asiye na silaha, mezani kwake, hilo si kazi ya ujasusi, ni uhalifu. Lakini msinibebeshe Finucane kwenye hoja ya Stakeknife. Waliouawa na kitengo kile wengi walikuwa wanachama wa IRA. Waliingia kwa miguu yao, wakijua sheria za humo.

MamaNeema_Belfast

Jean McConville aliingia kwa miguu gani? Mama wa watoto kumi, mjane, alichukuliwa nyumbani kwake Divis Desemba 1972, watoto wanalia. IRA wakasema ni shushushu. Mwaka 2006 msimamizi wa malalamiko ya polisi alipekua kumbukumbu akasema hakuna ushahidi wowote kwamba alikuwa. Mwili ulipatikana ufukweni 2003, na watu waliokuwa wakitembea, si kwa hisani ya aliyemzika.

Yule hakuuawa na Stakeknife, najua, ilikuwa kabla. Lakini ukisema "walijua sheria za humo" unazipa heshima sheria ambazo ziliwapeleka watoto wake kwenye nyumba za kulea yatima.

MlimaNyandarua

Mama Neema umesema ninachotaka kusema tangu jana. Neno "msaliti" likishatoka mdomoni, hakuna anayedai ushahidi. Sisi tumeishi nalo miaka sabini.

MtotoWaMsituni

Usijifunike shuka la Jean McConville, Mlima. Yeye hakushika bunduki ya serikali.

Mwaka 2011 Uingereza ilikiri mahakamani kwamba ilikuwa imeficha kwenye ghala la serikali, Hanslope Park, mafaili ya makoloni 37, kama 8,800 hivi, na ya Kenya yamo. Bila mafaili hayo wazee wasingelipwa 2013: wazee 5,228, pauni milioni 19.9. Fidia ilikuwa kwa waliopigwa. Majina ya waliotikisa vichwa ndani ya magunia, kama yapo, yafunguliwe yote. Mleta mada anataka la Stakeknife, mimi nataka la mtu mmoja wa kijiji chetu.

KacheroMstaafu

Na ukilipata utafanya nini nalo? Wajukuu wake ni majirani zako. Mnasali kanisa moja.

MtotoWaMsituni

Nitajua tu shamba letu liko kwa nani. Hilo linatosha.

BintiMakorora

Kachero, swali hilohilo ndilo serikali ya London inaziuliza familia za Belfast. "Mtafanya nini nalo?" Wanataka kujua baba yao hakuwa msaliti ili wamwekee jiwe lenye jina lake bila aibu. Kwa nini mwenye kudhulumiwa ndiye aeleze matumizi ya ukweli?

MlimaNyandarua

Fungueni basi. Mimi siogopi. Ila yafunguliwe yote, si ya magunia peke yake. Kuna waliokula kiapo usiku na asubuhi wakaenda kuungama kwa DO, afisa wa kikoloni wa wilaya, wakataja wenzao ili waachiwe, halafu baada ya uhuru wakawa mashujaa wa msituni. Mtoto wa Msituni, jina la nyanya yako likiwa kwenye orodha hiyo utalisoma hapa mbele ya watu?

MtotoWaMsituni

Nitalisoma. Wewe anza na hati ya shamba la guka wako, mwaka na ekari. Nakusubiri.